Luteni Pardee na Bendera Iliyopigiliwa Misumari

Mliolala roho juu tangu toleo lililopita, msiishushe bado.

Tulipoachana, Luteni Jotham Pardee, ofisa wa kwanza wa manowari ya Kimarekani Niantic, alikuwa amesimama ndani ya mashua katikati ya maji, leso nyeupe mkononi. Nyuma yake meli yake inafuka moshi. Mbele yake manowari ya Kiingereza, Ashcombe, nayo inafuka moshi. Alikuwa anakwenda kupokea upanga wa kushindwa kwa Waingereza, kwa sababu bendera yao ilikuwa imeshuka, na kwa watu wa manowari bendera ikishuka vita vimekwisha.

Ndipo mizinga ya Ashcombe iliponguruma upya.

Kombora la kwanza lilipita juu. La pili lilimkuta mvuta kasia wa mbele kifuani, likaondoka naye. La tatu liliipasua mashua kama mtu apasuavyo boga kwa goti.

Pardee akajikuta majini, na maji ya Aprili ya pwani ya Connecticut hayahitaji kombora ili yaue mtu. Buti zikamvuta chini. Akameza chumvi, akameza na damu ya watu wake. Akaomba moyoni, "Bwana, si sasa. Bado sijamwona Simeon."

Simeon ndiye chanzo cha yote haya. Ni mdogo wake, tumbo moja. Waingereza walimkamata katika meli ya biashara, wakamtia kwa nguvu katika manowari zao, kama walivyowafanyia Wamarekani wengi, na hilo ni moja ya mambo yaliyowasha vita hivi. Miaka mitano mama yao hana habari. Kisha juzi baharia mmoja aliyetoroka Ashcombe akaleta neno: Simeon Pardee yumo mle ndani, na yu hai.

Kwa hiyo bendera ilipoanguka, Luteni hakuiona bendera. Alimwona mdogo wake.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo hata baharia mgeni hawezi kulifanya. Desturi ya bahari iko wazi. Bendera ya adui ikishuka, hupeleki mashua kwanza. Unashika tarumbeta ya kusemea, unapaza sauti: "Mmeshusha?" Wakijibu kwamba wameshusha, ndipo unakwenda. Pardee hakuuliza. Aliruka mashuani.

Ashcombe hawakuwa wameshusha kitu. Kombora la Niantic lenyewe lilikata kamba, bendera ikaanguka kama shuka iliyong'oka kwenye kamba ya kuanikia.

Mkono ukamshika ukosi.

"Tulia, afande. Ukinipiga teke jingine nakuachia."

Alikuwa Cuff Weeden, mkuu wa mzinga, Mmarekani mweusi wa Rhode Island, mwenye shingo kama nguzo ya gati. Alikuwa anaogelea kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono huo havipo, na hakuwa ameviulizia.

"Wengine?" Pardee aliuliza.

"Wengine wako kwa Mungu. Piga maji."

Wakatupiwa kamba. Wakavutwa juu wakigonga ubavu wa meli kama ndoo.

Kule sitahani Pardee aliona alichokifanya. Bendera ya Ashcombe ilipoanguka, mabaharia wa Niantic waliacha mizinga, wakapanda ukingoni kushangilia, kofia hewani. Mizinga ikawakuta hivyo hivyo. Mmoja alikuwa bado ameshika kofia yake. Mkono na kofia vilikuwa upande huu wa mlingoti, na yeye alikuwa upande wa pili.

"Karibu, bwana mkubwa," alisema Luteni Roswell Trask, ofisa wa pili. "Upanga wa Waingereza uko wapi? Tulikuwa tunausubiri tukatie nyama."

Hakuna aliyecheka.

"Kapteni yuko wapi?"

"Kapteni Lathrop yuko chini, mezani kwa daktari. Mguu mmoja hana. Amesema wewe ushike meli." Trask akatema mate mekundu. "Alisema hivyo kabla hajajua umetufanyia nini."

Kisha akawageukia watu. Trask alikuwa na sauti nzuri, sauti ya kuongoza nyimbo za Jumapili, na shetani naye hupenda sauti nzuri.

"Ndugu zangu, mmeona kwa macho yenu. Wameshusha bendera, tumenyamaza, wametuchinja. Sheria ya mtu wa namna hiyo mnaijua. Tukipanda kule, hakuna mateka."

"Hakuna mateka," walijibu. Hawakupiga kelele. Walilisema kama watu wanaoitikia dua, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Hawakushusha," Pardee alisema, maji yakimtiririka. "Kamba ilikatika. Niliiona nikiwa mashuani, ncha yake imechanika kwa kombora letu wenyewe. Wao hawakumdanganya mtu. Kosa ni langu. Sikuuliza."

Baharia mmoja mzee, Obed Tarbell, alikuwa ameinama ananoa shoka lake kwenye jiwe. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu Elihu ndiye aliyekuwa kasia la mbele, afande," alisema. "Mweleze yeye habari za kamba."



Trask akamsogelea. "Sema kweli mbele ya watu. Unawatetea Waingereza, au unamtetea mdogo wako?"

"Kule kuna Wamarekani waliotekwa. Mdogo wangu ni mmoja wao. Mkiingia mle mmefumba macho mtawachinja ndugu zenu."

"Anayeujaza mzinga wa Mwingereza ni Mwingereza."

"Akikataa wanamchapa hadi mfupa uonekane."

"Basi achapwe," Trask alisema. "Mimi ningechapwa."

"Wewe, afande," alisema Cuff, akijifunga kitambaa kwenye vidole vilivyobaki, "juzi ulilia kwa jino."

Kabla Trask hajamjibu, ubavu mzima wa Ashcombe ukafyatuka.

Niantic ikatetemeka kuanzia juu hadi ngamani, chini kabisa tumboni mwake. Vipande vya mbao vikaruka sitahani, virefu kama mikuki, na vipande hivyo huua kuliko makombora yenyewe. Mtu wa usukani akashika shingo yake kwa mikono miwili kama anayetaka kuifunga, ikakataa kufungika. Mzinga mmoja ukakatika kamba zake, ukarudi nyuma ukawapanda watu wawili, ukatulia juu yao kama ng'ombe aliyelala.

Mchanga uliomwagwa sitahani asubuhi ili miguu isiteleze ulikuwa umegeuka uji mwekundu.

"Mizingani," Pardee alisema. "Acheni habari ya bendera, acheni habari yangu. Nishitakini kesho. Leo kila mtu mzingani mwake. Pigeni mlingoti wao mkubwa."

Wakarudi. Walimchukia, lakini walirudi, maana miaka ya mazoezi hushinda chuki ya saa moja. Mizinga ya Niantic ikajibu. Ikajibu tena. Moshi ukawa mzito hadi mtu akawa anampapasa mwenzake kujua kama yupo. Cuff alilenga kwa kusikiliza, akafyatua, na kutoka upande wa pili ukasikika mti mkubwa unalia.

Moshi ulipopasuka, mlingoti mkubwa wa Ashcombe ulikuwa umevunjika nusu. Ngazi za kamba zote zilikuwa zimekatika. Kimebaki kisiki kirefu cheusi kinachoyumba na mawimbi.

Na juu ya kisiki hicho kulikuwa na mtu anapanda.

Alikuwa amejifunga bendera mpya ya Kiingereza kiunoni, nyundo ameichomeka mkandani, misumari ameiuma kwa meno. Hakuwa na ngazi. Alipanda kwa mikono na magoti, kama mtoto apandavyo nguzo ya sherehe yenye mafuta.

"Anakwenda kuipigilia," mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini, karibu ya heshima. Bendera ya kamba hushushwa kwa kamba. Bendera ya misumari haishuki. Meli inayopigilia bendera imeapa kufa.

Pardee akatazama juu, kwenye jukwaa la mlingoti wake. Kule alikaa Hezekiah Pell, mzee wa milima ya Vermont, mwindaji wa kulungu, bunduki yake ndefu kuliko yeye.

"Pell. Yule wa bendera."

"Namwona, afande. Nasubiri atulie."

"Usisubiri."

Pell akafyatua. Mtu yule akashtuka, paja likachanua wekundu, akaning'inia kwa mkono mmoja juu ya sitaha. Watu wa Niantic wakashusha pumzi. Lakini mkono wa pili ukapanda, ukashika, na mtu yule akaendelea, akiacha alama ndefu ya damu kwenye mti. Akafika juu. Akaitandaza bendera. Akaanza kugonga.

Koo. Koo. Koo. Mizinga ilikuwa imenyamaza ikijazwa, na sauti ya nyundo ikavuka maji yote.

"Bado ana pumzi," alisema Pell, akisukuma baruti. "Nampa ya kichwa."

Pardee akainua darubini. Hakuwa na nia nyingine ila kuona risasi itakapoingia. Akaona nywele nyekundu kama karoti. Akaona mkono unaogonga: ulikuwa wa kushoto. Mama yao, Bi Thankful Pardee, aliufunga mkono ule wa kushoto kwa kitambaa tangu mtoto ana miaka minne, ili ajifunze kutumia wa kulia kama watu. Akashindwa. Akasema, Mungu aliyekupa ndiye anajua anautakia nini.

Luteni akaishusha darubini.

"Pell, acha."

"Nimeshampima, afande."

"Nimesema acha. Ukifyatua nakufuata huko juu."

Kisha Pell akatema tumbaku kutoka juu, ikaangukia mbali kidogo tu na buti za Pardee. "Mara piga, mara acha," alinung'unika. "Mwenye vita ni wewe."

Trask alikuwa amekwisha kuichukua darubini. Alitazama kwa muda. Alipoishusha, uso wake ulikuwa umetulia sana. Akainama, akachukua bunduki ya askari aliyekufa, akaipandisha begani.

Mdomo wa bunduki ukarushwa juu. Risasi ikaenda mawinguni.

"Samahani, afande," alisema Cuff Weeden, kiwiko chake bado kiko chini ya bunduki. "Nimeteleza. Damu nyingi hapa."

"Nitakufunga kwa hili."

"Ndiyo, afande. Ukinikuta mzima."

Trask akamgeukia Pardee, akapaza sauti ili wote wasikie. "Mmarekani anaipigilia bendera ya adui. Unajua sheria inamwita nani mtu huyo, na inamfanya nini."

"Ameshikiwa bastola."

"Kule juu? Ameshikiwa na nani, na ndege?"

"Tazama chini yake."

Ni kweli. Chini ya mlingoti ule alisimama ofisa kijana wa Kiingereza, bastola mkononi, mkono umenyooka. Watu wa Niantic waliona. Wengine wakatazamana. Obed Tarbell peke yake hakuacha kunoa.

Pardee akashika upanga wake. Aliijua hatari yote sasa. Meli zilikuwa zinasogeleana, dakika chache zitagusana, na watu wake watamiminika mle na neno moja midomoni. Hawatauliza nani alilazimishwa. Kama Simeon atapona, ni lazima Jotham Pardee atangulie.

"Mshika meli habandiki mguu meli ya adui," Trask alimwambia. "Kuongoza wapandaji ni kazi yangu. Nafasi yako ni hapa."

"Na yako ni nyuma yangu."

Meli zikagongana. Kulabu zikarushwa, zikauma. Pardee akaruka.

Alitua juu ya mtu aliyekufa, na hiyo ikamwokoa, maana mkuki uliokuwa umelengwa tumboni kwake ulipita juu ya bega. Akamkata mwenye mkuki usoni. Mwingine akamjia na shoka, Pardee akaingia ndani ya mkono wake, wakaanguka pamoja, wakang'atana kama mbwa, hadi Cuff alipompiga yule mtu kwa fimbo ya mzinga na kichwa kikatoa sauti ambayo sitaiandika.

Nyuma yao Niantic nzima ilimwagika.

Msomaji, wanaosema vita vya baharini ni vya heshima hawajasimama kwenye sitaha yenye upana wa vyumba vinne, watu mia juu yake, kila mmoja na chuma. Hakuna nafasi ya kuinua upanga vizuri. Watu walichomana kwa visu vya kukatia kamba. Walipigana kwa vikapu vya makombora. Baharia wa Kiingereza aliyekatwa miguu aliwashika watu vifundo vya miguu akiwaangusha, mpaka mtu akamkalia. Waingereza walipigana vizuri, nao ni watoto wa watu. Lakini walikuwa wachache, na kapteni wao alikuwa amelala karibu na usukani amefunikwa koti.

Wakasukumwa nyuma hadi chini ya mlingoti uliovunjika. Yule ofisa kijana, Averill ni jina lake, akatazama waliobaki. Akaitupa bastola. Akautupa upanga.

"Basi," alisema. "Imetosha. Tumekubali."

Watu wake wakatupa silaha. Vyuma vikalia sitahani.

Kwa pumzi moja kila mtu alisimama. Kisha Trask akanyoosha kidole juu.

"Mnaiona ile? Bendera iko juu. Bendera ikiwa juu, vita viko palepale. Leo asubuhi walituchezea na bendera. Sasa na sisi tunasoma bendera tu."

Na akamchoma upanga Mwingereza aliyekuwa karibu naye, mikono ya mtu yule ikiwa mitupu na wazi.

Ndipo ikaanza. Si vita tena, ni machinjioni. Mashoka yakapanda. Mtu mmoja akapiga magoti akasema sala ya Baba Yetu, na hakuimaliza.

Pardee akapiga kelele juu ya kelele zote, neno ambalo alipaswa kulisema asubuhi. "Mmeshusha?"

"Tungeshusha, bwana," Averill alijibu, amekumbatia mkono wake unaovuja, "lakini imepigiliwa. Haina kamba. Hatuna cha kushushia."

"Mtu apande."

"Apande kwa kitu gani? Ngazi mmezikata. Mti unakatika. Anayeweza kuing'oa ni yule aliye nayo kule juu, nyundo iko kwake."

Pardee akainua uso.

"Simeon."

Mtu wa juu alikuwa amejifunga mkono kwenye mti, kichwa kimeinama, damu ya paja inadondoka tone moja moja juu ya watu wanaouana.

"Simeon Pardee. Ing'oe."

Kichwa kikainuka. "Nani anasema?"

"Mimi. Kaka yako."

Juu kule kulisikika kicheko kidogo, kikavu. "Kaka," alisema Simeon, akilitamka neno kama mtu anayeonja maziwa yaliyochacha.

Chini, Obed Tarbell alikuwa amefika. Shoka lake lilikuwa jeusi hadi mpinini. Mbele yake walibaki Waingereza wachache wamebanwa kwenye ukingo, na kati yao na yeye alisimama Luteni wake mwenyewe, na kando ya Luteni, Cuff Weeden.

"Niondokee, afande."

"Sikuondokei, Mzee Obed."

"Elihu alikuwa wa pekee."

"Najua. Nimemuua mimi, kwa haraka yangu. Kama shoka lako linataka mtu, mtu ni mimi. Hawa hawakumfanyia hila mwanao."

Shoka likapanda. Pardee hakuinua upanga. Cuff alisema baadaye kwamba aliiona roho ya Luteni ikitoka, ikasimama pembeni, ikasubiri.

Shoka likashuka begani kwa Pardee, upande wa bapa. Mfupa ukaitika. Pardee akaanguka kwa goti moja, akainuka, akasimama palepale. Mzee Obed akalitazama shoka lake kama limemsaliti. Akalipandisha tena, na safari hii aliligeuza makali.

"Simeon," Pardee aliita bila kugeuka. "Watu wanakufa kwa kitambaa hicho. Nichukie ukishuka."

Kutoka juu kukasikika chuma kinauma mbao. Msumari ukang'oka. Wa pili ukang'oka. Bendera ikapinda upande mmoja, ikapigapiga hewani. Trask naye aliona, akapaza sauti, "Malizeni upesi, bado iko juu," na akamkata mtu mwingine.

Msumari wa mwisho ulikuwa umeingia hadi kichwani. Ulitaka mikono miwili. Simeon alikuwa na mikono miwili, lakini mmoja ndio uliokuwa unamshikilia ulimwenguni.

Akauachia.

Akang'oa.

Bendera na mtu vikaja chini pamoja. Akaangukia tanga lililokuwa limening'inia kwenye foromali, boriti ya kufungia tanga, nalo tanga likapasuka kwa urefu wake wote, likamshusha kwa mlio mrefu, likamtupa sitahani katikati ya maiti, bendera imemfunika kama sanda.

Mikono yenye mashoka ikashuka. Mmoja baada ya mwingine. Si kwa huruma, msidhani. Ni kwa desturi. Bendera ilikuwa chini, na watu hawa, waliokuwa wanyama dakika iliyopita, hawakuweza kumpiga mtu bendera ikiwa chini, kama vile wewe huwezi kula mezani bila kunawa. Obed Tarbell akaketi juu ya kamba akafunika uso wake. Mungu ana njia zake za kuweka breki kwa binadamu, na wakati mwingine huweka kwa kitambaa.

Pardee akaifunua ile sanda. Simeon alikuwa anapumua. Mguu ulikuwa umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki, midomo imechanwa na misumari, lakini macho yalikuwa wazi.

"Yu hai," Pardee alisema. "Cuff, yu hai."

Wakati huo msaidizi wa daktari alikuwa anavuka kutoka Niantic, aproni yake mbichi. Alimtafuta Pardee kwa macho, akavua kofia.

"Kapteni Lathrop amefariki, afande. Meli ni yako."

Trask akasikia. Akaufuta upanga kwenye koti la Mwingereza aliyekufa, akaja taratibu, na mabaharia wakampisha.

"Pole kwa msiba, Kapteni Pardee," alisema. "Na pongezi. Sasa watu wako wana swali. Huyu ni Mmarekani. Amekutwa na bendera ya adui na nyundo. Kapteni mpya atahukumu kama sheria isemavyo, au sheria ni ya watoto wa akina Tarbell peke yao?"

"Alilazimishwa," alisema Pardee. "Wote mliona. Averill, waambie. Bastola yako ilimwelekea."

Kijana yule wa Kiingereza alikuwa mweupe kama chaki. Alimtazama Simeon, akamtazama Pardee, na mtu angeona kwamba alitamani kusema uongo na malezi yake hayakumruhusu.

"Bastola iliwaelekea wenzangu, bwana," alisema. "Walitaka kukimbilia ngamani. Walikuwa wamesimama nyuma ya mlingoti, ndiyo maana kwa mbali ilionekana vile. Yeye sikumwambia neno. Aliiomba nyundo mwenyewe."

Kamba zilisikika zikigonga mbao.

"Si kweli," Pardee alisema. Akapiga magoti. "Simeon, mdogo wangu. Waambie. Neno moja tu, waambie walikulazimisha."

Simeon akatema msumari. Akajiinua kwa kiwiko, polepole, mpaka watu wote wakamwona.

"Hakuna aliyenilazimisha. Nilipanda kwa hiari yangu."

"Mmesikia wote," alisema Trask.

"Kwa nini?" Pardee aliuliza. Haikuwa sauti ya kapteni.

"Kwa sababu mimi sikukamatwa, niliuzwa. Waingereza walipoingia meli yetu walikuwa na jina langu tayari, na mahali nilipojificha. Na aliyeniuza yumo Niantic. Nilipojua ni Niantic inayokuja, nikasema meli ile lazima izame, hata tukizama wote. Miaka mitano nimechapwa kwa ajili yake."

"Ni nani?"

Simeon akainua mkono wa kushoto, vidole vimechubuka hadi nyama. Kidole kikampita Cuff Weeden. Kikampita Mzee Obed kwenye kamba zake. Kikamfikia Roswell Trask, na upanga wa Trask ukapanda kidogo, kidogo sana. Kikampita Trask bila kusimama.

Kikasimama mbele ya uso wa Jotham Pardee.

"Ni wewe, kaka."

Macho yote yakamgeukia Pardee. Naye hakumtazama mtu yeyote ila ndugu yake, amepiga magoti kwenye damu. Laiti angegeuza shingo kidogo tu, angemwona Luteni Trask akishusha pumzi ndefu, na kwa nyuma ya mkono akifuta jasho ambalo vita vizima havikumtoa.

Cuff Weeden aliliona jasho lile. Na Trask akajua kwamba ameonwa.